Gunia Chini ya Gari Jeupe

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, ila mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Unakumbuka barabara ya Bonga wakati wa masika, kabla ya lami? Lori limejaa mbaazi, tairi za nyuma zinazunguka palepale, tope linaruka. Wewe hukuwa mtu wa kupiga kelele. Ulitoa kichwa dirishani ukasema, "Gunia, mama." Nami, mtoto wa shule ya msingi, naruka chini na gunia tupu, nalitupa mbele ya tairi, nakimbia pembeni. Lori likitoka unawaambia abiria, "Huyu ndiye utingo wangu." Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Siku hizi nauza chai na chapati kwenye geti la gereji moja hapa Maisaka, mwanangu mgongoni. Anaitwa Daudi, nimempa jina lako. Nilimwomba mwenye gereji, tunamwita Bosi, anifundishe ufundi. Akacheka kidogo, halafu akasema, "Njoo Jumamosi uone kwanza, usije ukakimbia."

Jumamosi hiyo ililetwa mashine kutoka Arusha kwa ajili ya gari jipya la kijana mmoja wa dukani mjini. Gari la mbio, jeupe, fupi mpaka ukiliangalia unainama. Alitaka kujua injini ina nguvu za farasi wangapi. Mimi nilikuwa bado nageuza chapati, nikachelewa maelezo. Nilipoingia nikaona gari limefungwa mikanda mbele na nyuma, injini inalia, tairi zinakimbia na gari haliendi. Wanaume wamesimama tu wanaangalia kompyuta.

Baba, nilijua limekwama. Nikamwaga mkaa wangu uliokuwa guniani, nikashika gunia, nikalitupa chini ya tairi.

Kumbe tairi zilikaa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka nazo, ndivyo mashine inavyopima. Gunia lilivutwa likachanika, vumbi la mkaa likajaa gereji nzima. Wakazima. Gari jeupe likawa la kijivu, na shati la mwenye gari pia.

"Mama Daudi, ulikuwa unafanya nini?" Bosi akauliza.

"Nalikwamua."

Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Farasi wamekula gunia," akasema. Mwingine akadakia, "Waletee na pumba, Mama Gunia."

Mwenye gari hakucheka. "Bosi, huyu ndiye fundi wako mpya?"

Bosi akanigeukia, akauliza taratibu, "Nani alikufundisha hivyo?"

Nikasema, "Hakuna mtu."

Mkaa ulitoka nguoni kwa sabuni. Hilo neno bado liko mdomoni mwangu. Wewe ulinionyesha kwa abiria wote, mimi mbele ya watu wachache nikakufuta. Wananiita Mama Gunia hadi sokoni, si Mama Daudi tena, na kinachoniuma siyo gunia. Ni kwamba jina lako wamelitoa kwangu, na mimi ndiye niliyeanza kulitoa.

Tangu siku ile sikurudi gereji, nikitoka sokoni najifungia ndani. Jana Bosi akapiga hodi. Akasema gari limeoshwa limetakata, nyuzi za gunia zimetolewa kwenye mashine, wamepima vizuri. "Rudi, yule anayeuza badala yako chai yake ni maji ya moto." Ufundi hakuutaja. Nami nikaangalia chini, sikuuliza.

Leo nimenunua gunia jingine la mkaa. Daudi amelilalia muda huu, mashavu yote meusi, anacheka mwenyewe.

Kesho nitarudi. Nikishamimina chai nitamwambia Bosi mbele ya wale wale: aliyenifundisha ni baba yangu, Daudi, dereva wa malori, na kwenye tope la Bonga hakukosea hata mara moja. Halafu nitamwomba tena anifundishe, aanze na hiyo mashine, nijue kutofautisha gari lililokwama na gari linalopimwa. Akikataa, atakuwa amemkataa binti wa mtu.

Lala salama, baba. Nisamehe lile neno moja.

Utingo wako,
Mama Daudi