Pinde Tatu za Kujaribu

Jumatatu, 3 Machi
Kiongozi wa okestra kanisimamisha leo mbele ya watu wote. Ile nota ndefu, selo yangu peke yake, fidla kubwa ya magotini, wengine kimya – inatetemeka, kasema. Nimeirudia, imetetemeka tena. Kasema nikaangalie upinde wangu wa kupigia, maana Ijumaa ya wiki ijayo anaamua nani atapiga kipande hicho kwenye onyesho. Miaka yote nimekaa safu ya nyuma, leo nimefikiriwa, na upinde ndio unanifanyia vituko! Nimeukagua nyumbani. Kweli umekwenda upande kidogo. Afadhali. Upinde unanunuliwa.

Jumanne, 4 Machi
Kazini, pale duka la dawa, nimemwaga kopo zima la vidonge mbele ya wateja. Mfuniko ulikuwa unateleza.

Jioni, duka la ala za muziki. Fundi ana pinde ukuta mzima. Nilipomtajia bajeti yangu akauacha ukuta, akafungua droo. Sikukasirika. Sana. Kanipa tatu za kwenda kujaribu nyumbani: mmoja wa kaboni, mweusi tii, mmoja wa mbao, mpya, mmoja wa mtumba, uliobadilishwa singa zake za farasi juzijuzi. Usichague kwa macho, kasema, mtu akae nyuma ya mlango asikilize. Wangu wa zamani nimemwachia autazame.

Alhamisi, 6 Machi
Mume wangu nyuma ya mlango. Nampigia nota ile ile bila kumwambia nimeshika upi. Wa kwanza? Mzuri. Wa pili? Mzuri pia. Wa tatu? Mke wangu, zote nzuri, mimi nitajuaje. Mtu huyu sukari ikipungua kijiko kwenye chai atanung'unika mpaka jioni, lakini hapa hana habari!

Mimi nasikia. Wa kaboni mwepesi mno, unatetemeka. Wa mbao mzito mno, unatetemeka. Wa mtumba unaanza vizuri, halafu nao yale yale. Nimezipaka singa ule utomvu mkavu wa kuzifanya zikamate nyuzi, mpaka vumbi jeupe limejaa magotini. Labda singa. Labda kiti hiki, mguu wake mmoja mfupi.

Jumapili, 9 Machi
Dada kaja. Dada yangu mkubwa, mdomo wake haujui likizo. Nilipommiminia chai ikamwagikia kisahani. Kacheka, kasema nimeanza kuwa kama mama na vikombe vyake vya nusu. Maana mama, miaka yake ya mwisho, hakupokea kikombe kilichojaa. Mkono ulikuwa unamcheza.

Nimecheka na mimi. Mume wangu hakucheka. Alikwenda jikoni kutafuta kitambaa, akakaa huko muda.

Baadaye nikamfokea dada kwa ajili ya viatu kwenye zulia. Viatu! Nimempigia simu kumwomba radhi. Kauliza, kwani tuligombana?

Jumatatu, 10 Machi
Sijagusa selo. Kwenye kikao cha wafanyakazi nimejikuta nimeukalia mkono wangu wa kulia. Baridi tu.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudisha pinde zote tatu. Fundi kasema ule wangu hauna ubaya wowote, kule kwenda upande uliumbwa nako, nisihangaike. Nikamwambia basi hizi zako ndizo mbovu, zote zinatetemeka. Akachukua ule wa mtumba, akavuta selo ya dukani, akapiga nota ndefu. Ikatoka tuli, imenyooka mpaka ncha ya upinde.

Nilitamani anitanie. Aliangalia dirishani tu.

Nikasema nipe wa ukutani, ule wa bei. Akasita, akanipa niujaribu mpaka Ijumaa. Bei yake siiandiki hapa.

Nimefika nyumbani, nimemweka mume wangu nyuma ya mlango tena, nimempigia nota ile. Wa ukutani. Wangu. Wa ukutani. Wangu. Nikamwambia safari hii sema kweli, upi hautetemeki? Akauliza kama nimechoka. Sijachoka. Akasema analeta chai.

Nikaja hapa mezani kuandika, maana nikikaa bure nitarusha kitu. Naogopa. Nimeliandika, basi.

Chai imekuja. Kaweka kikombe pembeni ya daftari. Nusu. Nimemwuliza, chai imekwisha? Hapana, birika limejaa. Sasa mbona nusu? Kasema ndivyo anavyoniwekea siku zote.

Tangu lini?

Tangu mwaka jana.

Amekaa ukingoni mwa kitanda. Upinde wa ukutani uko hapa mbele yangu, kesho kutwa ni Ijumaa, na yeye anasubiri nimalize kuandika.