Zile Kanda Nne za Gita Sizitupi

S.L.P. 1187,
Garissa.
3 Desemba 1996

Mpendwa kaka yangu Liban,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Sadia na watoto, na kwamba baridi ya Toronto haijawakata masikio. Kifua chako vipi? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila jua tu. Mvua za vuli zilituchungulia zikapita, na mume wangu Diriye kila jioni anarudi kutoka soko la mifugo amekunja uso. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Hinda aliponiona nimeshika kalamu aliniambia nikuandikie Kisomali. Nikamwambia, mimi na mjomba wako tulikulia Naivasha, tumegombana kwa Kiswahili tangu utotoni, na leo ni ugomvi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka nizitupe kanda nne za gita ulizonitumia mwaka juzi, na mtu akiniuliza nilizitoa wapi, niseme nilizinunua hapa sokoni. Kisa? Wewe sasa ni mtu wa kamati ya msikiti na jamaa wa huko wanakucheka. Kaka, sizitupi. Na uongo huo sisemi.

Hebu nikukumbushe ilivyokuwa, maana nyinyi wa mbali habari mnaishika mkiani. Kanda zilikuja ndani ya soksi, hazina karatasi wala jina, umeandika namba tu, moja hadi nne. Hakuna anayeimba ndani yake, ni gita na wenzake wawili watatu. Namba moja ni ya kuamkia. Namba tatu ndiyo ya kazi: ngoma yake inapigwa taratibu kama mtu anafagia uwanja, na mguu wangu kwenye cherehani unaifuata wenyewe. Sare za shule nzima nimezishona nayo. Namba nne ina vikengele. Nilipovisikia nilisema, huyu mpiga gita naye lazima kwao wanafuga mbuzi! Namba mbili ni gita peke yake, na hiyo nitakuja kuisema.

Mwezi wa nane tukamwoza Hinda. Yule kijana wa video, Abdiwahid, akaja kuniambia kwamba kwenye kanda yake husikii arusi, unasikia jenereta. Akataka muziki wa kufunika ile kelele kabla hatujawapelekea jamaa wa Toronto. Nikampa kilicho bora nyumbani kwangu, namba nne. Ilipendeza, wallahi. Bibi arusi anaingia, wanawake wanapiga vigelegele, na vikengele navyo chini kwa chini. Mama aliitazama mara mbili siku hiyohiyo.

Kumbe huko kwenu kila duka linapiga nyimbo hizo mwezi mzima wa Desemba. Mimi nitajuaje, nami niko Garissa?

Aibu yenyewe ilinifika chumba cha taar, ile redio ya kuitana mji kwa mji. Unajua pale hakuna siri, mmoja akiitwa, chumba kizima kinasikia. Niliitwa kutoka Eastleigh. Nikaja mbio nikidhani kuna msiba, nikamkuta binamu yetu Kadar anapiga kelele, “Mwambieni Mulki, jamaa wa Toronto wanauliza, tangu lini anaozesha mabinti kwa nyimbo za Krismasi? Ova!” Watu walicheka mpaka mwenye redio akashindwa kujibu.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa jirani yangu Mwalimu Wanza, Mkamba, mtu wa kanisa. Nikamwekea kanda. Wimbo wa kwanza haukufika nusu akaanza kuuimba kwa maneno, machozi yanamtoka, maana Kitui ni mbali na likizo ilikuwa bado. Kanda zote nne, Liban. Zote za Krismasi, wimbo kwa wimbo.

Basi kosa nilifanya na ninalikubali. Krismasi si sikukuu yangu na sijaisherehekea. Sala sijaacha hata moja. Lakini nyuzi za gita lile hazijaniambia neno la kunitoa katika dini yangu, na aliyenitumia si Mwalimu Wanza. Ni wewe.

Adeer Gelle, ami yetu, alipopata habari akatuma mtu. Ijumaa baada ya sala nizipeleke kwake kanda zote, azitie moto mbele ya wazee. Diriye akasema hayo ni mambo yenu watu wa Naifasha, ndivyo anavyoitamka, akachukua fimbo yake akaenda sokoni.

Sasa nisikilize, kaka. Siku ya matanga ya baba ni nani aliyeitaka ile kaban yake, udi wa nyuzi aliokuwa akitupigia? Ni huyuhuyu adeer Gelle, ndugu yake wa tumbo moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi na sita, na wewe ndiye uliyeibeba hadi jikoni kwa mikono yako. Ilivunjwa ikawashiwa moto, juu yake likatengwa birika la waombolezaji. Chai ile tuliinywa. Mimi na wewe tuliinywa, na hakuna aliyesema kitu.

Namba mbili ni mkono wa baba. Ule mtindo wake wa kuuvuta uzi mmoja kisha kuuacha ulie peke yake, umo mle. Kila alasiri Mama anamtaja baba kwa jina, ananiambia, niwekee Adow. Usinidanganye kwamba hukusikia. Ulisikia, ndiyo maana ukanitumia. Niliipokea kama msamaha uliokuwa ukiniomba, na nilishakusamehe. Leo unaniagiza niibebe mwenyewe hadi jikoni?

Ijumaa nilikwenda. Mikono mitupu. Nikawaambia wazee: ndiyo, ni nyimbo za Krismasi, sikujua, sasa najua, na kanda ziko nyumbani kwangu na zitabaki huko. Adeer Gelle, uzee umemfika maskini, akasema niketi kwanza ninywe chai tuongee vizuri. Akaimimina mwenyewe. Nikamwambia, adeer, chai ya moto wako nilishainywa mara moja, inatosha. Kikombe nilikiacha pale kimejaa, nikaaga kwa heshima, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kwa hiyo jamaa wakikuuliza, sema ni wewe. Hutakufa. Mimi nilichekwa na chumba kizima na bado nala, nalala.

Nisalimie Sadia, watoto wote, na jamaa waliocheka pia. Mama anakuombea mchana na usiku. Hinda na mumewe wanakusalimu. Video yao hawataki ibadilishwe. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi, na akupe moyo wa simba, maana naona huko umeusahau.

Na ukipata kanda nyingine ya gita kama ile namba mbili, nitumie. Safari hii usiitoe karatasi yake. Iache na jina lake, na picha zake zote, nimwonyeshe anayetaka kuona.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amekukasirikia,

Mulki Adow