Tovuti Iliyofunikwa Kitambaa

Mwenzangu, uko wapi?? Shemeji yako leo kaumbuka!

Unaikumbuka ile anwani ya bure ya mtandaoni aliyoihangaikia wiki nzima kwa ajili ya programu yake ya kuendeshea shule? Ile ya kujibanza chini ya jina la tovuti ya watu, kama mpangaji wa chumba cha uani? Alipoipata akawa anatembea kama kajenga ghorofa.

Basi leo kaniburuta twende kumwonyesha mwalimu mkuu, na mkataba wa kumuuzia kaubeba mkononi. Kaandika anwani kwa mbwembwe zote. Tupu. Kaandika tena. Tupu! Jasho linamtoka, mwalimu mkuu anamtazama tu kwa juu ya miwani.

Kumbe anwani ni kibao cha njiani tu, programu yenyewe inakaa kwenye kompyuta yake kuukuu, pale sebuleni kwetu. Akampigia mama yake aliyebaki nyumbani, na kwa kiherehere simu akaiweka spika.

"Mama, kompyuta yangu imezimika?"

"Haijazimika, nimeifunga. Ilikuwa inanguruma peke yake na hakuna anayeitumia. Nimeifunika kitambaa, vumbi lisiingie."

Kitambaa, mwenzangu. KITAMBAA!

"Mama, ifungue tafadhali."

"Haya, nimefungua. Usinifokee."

Tukasubiri. Mara majina ya wanafunzi hayo, skrini imejaa! Shemeji yako akajikohoza, akausogeza mkataba mezani kama hakuna kilichotokea.

Mwalimu mkuu akashika kalamu, akauliza taratibu: "Sasa hapa nimwandike nani? Maana naona anayewasha na kuzima shule yangu ni mama yako."