Minyaa ya Mpakani

Judica, kama uko kazini toka nje kwanza, utacheka vibaya.

Meshack, yule jirani anayelala huku na kufanya kazi Babati, leo kaamua kukata minyaa ya mpaka wetu. Eti ni ushamba, anataka ukuta kama wa mjini. Mama kamwambia, "Baba, utomvu wa huo mti unapofusha." Kajibu, "Mama, hizo ni imani zenu."

IMANI ZETU Judica!! Mtu ana digrii!

Hata hajakata sana, utomvu ukamrukia machoni. Kapiga yowe mpaka wachumaji wa parachichi bonde zima wakashuka kwenye miti. Anatambaa chini, analia, "Nimerogwa! Wamenirogaaa!"

Sasa hizo ni imani za nani?

Mama kakimbilia zizini, kakamua, karudi kumwosha macho kwa maziwa. Maziwa ya ng'ombe yuleyule ambaye jana Meshack alimshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba ananuka.

Na unajua alichosema? Macho kayafumba, kapiga magoti kwenye samadi yetu, kamasi zinamtoka?

"Mama, haya maziwa yamechemshwa?"