Kikao cha Dharura Kuhusu Ukurasa wa Misiba Uliogoma Kufunguka

CHAMA CHA KUZIKANA CHA WANA-MURANGI
(Murangi, Musoma, Bunda na Butiama)

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Sebuleni kwa Bi. Marieta, Nyegina

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Stanislausi – Mwenyekiti
2. Bi. Euphrasia – Katibu
3. Bi. Marieta – Mtunza Hazina
4. Bi. Hilda – Mjumbe, mfiwa
5. Ndg. Mugeta – Mwanachama wa Murangi, aliyeitwa kujieleza
6. Ndg. Gasper – Fundi wa tovuti, kutoka Nyasura, Bunda. Mpwa wa Mwenyekiti

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Revocatus wa Butiama. Mwaliko wake uliwekwa kwenye ukurasa wa chama. Inaaminika bado anaufungua.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, kisha akawaomba wajumbe waongee kwa upole. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Katibu.

KUMB. NA. 2/2025: SHAURI LA NDUGU MUGETA
Mwenyekiti alieleza kwamba Ndugu Mugeta hakuonekana kuchimba kaburi la marehemu mama yake Bi. Hilda, wala hakuleta udhuru. Katiba inasema mwanachama wa namna hiyo afutwe, na familia yake isichimbiwe. Alipendekeza afutwe leo. Aliongeza kwamba Mugeta alifika msibani kesho yake baada ya maziko, watu wakianua maturubai, akiwa na jembe begani, jambo ambalo yeye Mwenyekiti aliliona kuwa ni dhihaka.

Mugeta alijibu kwamba tangazo lilifunguka kwenye simu yake alfajiri ya siku hiyo hiyo aliyofika. "Zamani ukurasa ulikuwaga unafunguka kabla sijakaa vizuri. Siku hizi kaduara kanazunguka tu mpaka chaji inaisha." Alisema pia kwamba mama yake mzazi yuko kitandani na hata uji hamezi. "Mkinifuta leo, mzee, mama nitamzika na nani? Na mbuzi?"

Hakuna aliyecheka.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA FUNDI
Ndugu Gasper alieleza kwamba tovuti hujengwa juu ya kiunzi, yaani vipande vya programu vilivyotengenezwa tayari na watu wengine. Mwezi Machi alikipandisha kiunzi hicho kwenye toleo jipya. Ukurasa wa misiba uliokuwa na kilobaiti tisini sasa una megabaiti kumi na moja. Alisema hilo ni jambo la kawaida duniani.

Katibu aliuliza dunia hiyo iko kata gani.

Gasper alisema kwake Nyasura ukurasa unafunguka mara moja. Katibu aliuliza anatumia mtandao upi. Gasper alijibu kwamba anatumia wa ofisini, wa waya. Katibu aliomba jibu hilo liandikwe. Limeandikwa.

Bi. Marieta aliuliza kwa nini tangazo la msiba mpya liko chini kabisa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kamati yenyewe ilipitisha marehemu wapangwe kwa kutangulia, kwa kuwa si adabu aliyefariki juzi kupita mbele ya wazee. Gasper alifafanua kwamba toleo la zamani lilituma majina tu, hivyo chini palifikiwa haraka. Toleo jipya limemruhusu kuweka picha kubwa ya kila mmoja, na pia hutuma maelezo yote mara mbili: mara ya kwanza yasomwe na mtu, mara ya pili yasomwe na simu.

Bi. Marieta: "Kwa hiyo mama Hilda tumemzika mara moja, wewe umemtuma mara mbili?"

Gasper: "Kitaalamu ndiyo, mama."

Katibu alieleza kwamba toleo jipya si sakramenti, na kwamba nchi hii imejaa watu wanaoambiwa "mfumo umeboreshwa" kila wanapouliza kwa nini kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimeacha kufanya kazi. Mwenyekiti alimwomba Katibu afupishe. Katibu alikuwa bado hajaanza.

KUMB. NA. 4/2025: JARIBIO
Iliamuliwa simu ya Mugeta iwekwe dirishani, panaposhika mtandao, na ukurasa ufunguliwe mbele ya wote. Kilichoanza kuonekana ni paji la uso la Mwenyekiti. Gasper alikiri kwamba picha ya mjomba wake imewekwa juu ya marehemu wote. Chai ilinywewa. Nyusi zilifika. Bi. Marieta alisema mdomo ukichelewa yeye hana haraka. Mwenyekiti alisema picha ya kiongozi huwapa wafiwa matumaini.

Kabla kidevu hakijafika, simu ilizima.

KUMB. NA. 5/2025: MAAMUZI
Bi. Hilda alisimama. Alisema siku ile alimwona Mugeta akiingia uani na jembe. "Mtu wa dhihaka hatembei na jembe kutoka Murangi, Mzee Mwenyekiti. Angekuja na maneno." Kisha alimgeukia Gasper: "Anza na mama yangu. Toa picha. Andika jina, siku na mahali pa kuzika, basi. Sura yake ninayo nyumbani."

Baada ya hapo hakuna mjumbe aliyetetea picha ya ndugu yake. Mwenyekiti aliitetea ya kwake. Kura: kuiondoa, tatu, kuibakiza, moja.

Kikao kiliamua:
(a) Ukurasa ubaki maandishi matupu. Kiunzi kipya kiondolewe, na Gasper asipandishe kingine bila kukijaribu kwenye simu ya Mugeta.
(b) Msiba mpya uandikwe juu kabisa. Wazee watatusamehe.
(c) Ndugu Mugeta abaki mwanachama, na mama yake abaki mikononi mwa chama.

Gasper alifanya marekebisho palepale kwenye kompyuta yake. Simu ya Mugeta ilichomekwa kwenye chaji na ukurasa ukafunguliwa tena. Ulifunguka. Jina la kwanza lilikuwa la mama yake Bi. Hilda. Mugeta alilisoma kwa sauti, akavua kofia.

"Pole, dada Hilda."

Bi. Hilda alijibu: "Asante, Mugeta. Nimeshapoa."

Kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza, wajumbe waliinuka saa 9:40 alasiri.

................................
Mzee Stanislausi, Mwenyekiti
(ametia saini akipinga hesabu ya kura)

................................
Bi. Euphrasia, Katibu
(amehesabu tena, ni tatu kwa moja)