Neno la Kaka Mkubwa

Jumanne, 14 Agosti 1934

Shangazi amekuja leo. Anatembea kwa fimbo mbili, lakini ulimi wake hauhitaji hata moja. Matanga ya mdogo wangu Leonidas yataondolewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Ndizi za pombe zimekwisha kutengwa. Mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo neno ni langu.

Naandika desturi yetu hapa kama ilivyo, maana jambo nikiliandika naliona vizuri zaidi. Mtungi unawekwa katikati ya ua wa marehemu. Mjane anakaa mlangoni. Kaka mkubwa anasimama na kusema neno moja kati ya matatu. Namchukua. Au: Namwachia mdogo wangu. Au: Namwacha kwa mwanawe. Likishatamkwa, halirudishwi. Akisema la tatu, mjane anabaki katika shamba la mtoto wake na hana bwana. Na sisi ndugu wa marehemu haturuhusiwi kukanyaga ua ule tena, mpaka yule mtoto awe mtu mzima na kutuita mwenyewe.

La kwanza haliwezekani. Mimi ni katekista wa kigango cha Ntobeye, na nina mke wa ndoa, Febronia. La pili maana yake ni Nyandwi, mdogo wetu wa mwisho. Hajabatizwa, ana wake wawili, na kiu yake haijawahi kukatika. Mjane, Domisiana, ni Mkristo. Ana mtoto mmoja wa kiume, anasoma misheni. Basi linabaki la tatu. Hata wakatekumeni wangu wanaojifunza ili wabatizwe, walio katika mwezi wao wa kwanza, wangelichagua bila kunyoosha mkono.

Nimemwambia shangazi kwamba nitafikiri.

Nifikiri nini?


Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Tumekwenda misheni kwa miguu, kigango kizima, nyasi zimeungua pande zote mbili za njia na miguu imekuwa myeusi. Nimeungama. Nilitaja hasira, uvivu wa sala, na kumsengenya mwalimu wa kigango jirani. Kisha nikasema: na mawazo. Padri akauliza mawazo gani. Nikajibu: mawazo ya shamba.

Huo ni uongo ndani ya kitubio. Nawafundisha watu kila wiki kwamba ni dhambi juu ya dhambi. Hata hivyo nilikwenda kupokea Komunyo pamoja na wengine, nikarudi mahali pangu, nikainamisha kichwa. Hakuna kilichotokea. Nyimbo zilikuwa nzuri.

Baada ya Misa Padri akaniita kando. Alikwisha kusikia habari za matanga. Akasema maneno machache: nimwache mjane kwa mwanawe, na watu wataona kwangu namna Mkristo anavyofanya. Nikasema ndiyo, Padri.

Wakatekumeni huwa nawaeleza kwamba mwili na roho ni wanaume wawili wanaovutana kamba. Ni mfano mbaya, nitauacha. Kamba huvutwa kwa kelele. Hiki kilicho ndani yangu hakina kelele. Kimekunja miguu pembeni kama mgeni mwenye adabu, kinangoja kukaribishwa chakula.


Jumamosi, 18 Agosti

Nimekwenda kupogoa migomba ya marehemu. Majani makavu yalikuwa yananing'inia, na shamba likiachwa hivyo wadudu wanaingia. Kusaidia mjane ni tendo la huruma, nami nimelifundisha mara nyingi. Yote hayo ni kweli.

Nilikata kwa muda mrefu. Domisiana alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu. Mwishowe akanyanyua uso na kusema: Shemeji, huku niliko mimi ndiko kuliko na majani makavu. Huko uliko wewe nilikwisha kukata jana.

Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimekata majani mabichi!

Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kiwiko, maana yumo matangani na mikono ilikuwa na utomvu. Nami nikacheka. Nimerudi nyumbani na kile kicheko kama mtu aliyebeba yai kwenye kiganja.

Febronia akauliza: Baba Restituta, shamba la kule limekuwaje? Nikasema liko safi. Akasema: Najua. Jana nilikwenda kumsaidia.


Jumapili, 19 Agosti

Ibada bila Padri. Nimewaeleza watu juu ya vishawishi. Nimesema vizuri. Bibi mmoja alilia.


Alhamisi, 23 Agosti

Sokoni. Nilikwenda kununua chumvi kwa Shaban. Watu wake asili yao ni pwani, walikuja na biashara kupitia Tabora, na hapa wanajua habari za kila ua kuliko wenye ua wenyewe. Akanipokea kwa sauti ya kusikika soko zima:

— Shikamoo Mwalimu! Nasikia unaongeza nyumba!

— Marahaba. Nani kasema?

— Migomba. Inasema mzee anakata hadi mabichi.

Watu wakacheka. Nyandwi alikuwa pale, amekaa juu ya gunia, kibuyu katikati ya magoti. Akasema kaka ni msomi, na wasomi wakitaka kitu hutafuta kwanza jina jingine la kukiita. Shaban akasema: Mwalimu, hamia dini yetu tu. Unaruhusiwa wanne, na jina nimekwisha kukutafutia. Abbasi! Linakukaa kama kanzu.

Nilicheka nao. Njiani nikajichunguza, kama mganga wa zahanati anavyobonyeza tumbo la mgonjwa: hapa panauma? Na hapa? Nilitegemea kukuta aibu. Sikuikuta. Nilikuta furaha kidogo, kwamba mimi na Domisiana tumewekwa katika pumzi moja mbele ya watu.

Inafaa kuandika hilo kama lilivyo.


Jumatatu, 27 Agosti

Baada ya mafundisho Domisiana alibaki. Wengine walikwisha kuondoka, mlango wa kigango wazi, kuku wanaingia. Aliniita Mwalimu. Hakusema shemeji.

Alisema anataka neno la tatu. Nyandwi hamtaki, atamnywea shamba lote, na mtoto akirudi kutoka misheni atakuta kisiki. Amesikia pia maneno ya sokoni, na hayo hayataki vilevile. Febronia alimfuta jasho siku Leonidas alipokufa. Hawezi kumkalia mtu kama huyo kama mke mwenzake.

Nikasema jambo hili lina pande nyingi. (Halina.) Nikamweleza maana ya ndoa, kisha hali ya ujane, kisha maoni ya Kanisa juu ya desturi, neno lipi linapatana na imani na lipi halipatani. Niliongea mpaka kuku wakatoka wenyewe.

Alisikiliza, mikono juu ya mapaja. Kisha akauliza: Kwa hiyo utalisema?

Nikasema: Tuombe.

Tukaomba. Akashukuru, akaondoka. Hajajibiwa, na anajua hajajibiwa.

Usiku huu naona kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani ninataka kumchukua. Sitaki. Ningeogopa kufanya hivyo, ningepoteza ukatekista na amani ya nyumba, na mimi si kijana. Ninachotaka ni jambo lisiishe. Nikisema la kwanza, nimeanguka, na kila mtu anaona. Nikisema la tatu, sitakanyaga ua ule tena, pengine mpaka kufa. Lakini kama sijasema, mimi bado ni kaka mkubwa mwenye neno, na ninaweza kuingia pale asubuhi yoyote na mundu wangu, na ataniandalia kigoda. Tamaa yangu haiombi tendo. Inaomba muda tu. Na muda ndio kitu ambacho watu wamenisifia maisha yangu yote: mzee Anatoli ana subira!

Sijui kama dhambi ya namna hii ina jina. Nimepitia orodha yote tunayokaririsha. Iliyo karibu ni uvivu.


Jumamosi, 1 Septemba

Matanga. Ukoo wote ulikuja, hata wa kutoka upande wa Biharamulo. Pombe ilikuwa nzuri, mirija mirefu, watu wakiinama kwa zamu. Domisiana mlangoni, amenyolewa, macho chini. Febronia alikaa karibu naye, bega kwa bega, ingawa si desturi.

Shangazi akagonga fimbo. Neno!

Nikasimama. Nia yangu ilikuwa kusema la tatu. Naandika hivyo na naamini ni kweli. Maneno yalikuwa matatu tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikaanza kwa kuwashukuru waliokuja. Nikamtaja marehemu. Nikaeleza asili ya desturi hii, kwa nini wazee waliiweka, ilivyowalinda wajane wakati wa vita na njaa. Nikaeleza na mafundisho ya Padri. Watu walitikisa vichwa, wakasema kweli, kweli. Nikajisikia nikiongea vizuri. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema kwamba kwa jambo zito kama hili ni busara kungoja, mpaka Padri atakapofika kigangoni, nimwulize.

Vichwa viliacha kutikisika.

Nyandwi akacheka kwanza. Akasema: Kaka, kama mzigo ni mzito nipe mimi, nina mabega. Shangazi akasema: Pombe haimngoji Padri, inachacha! Akaamua kwamba tutakaa tena Jumatatu, na siku hiyo kaka mkubwa akikosa neno, neno linashuka kwa mdogo wake, Nyandwi.

Wazee wawili walinipa mkono na kusifu uangalifu wangu.

Nilimtazama Domisiana mara moja. Alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mto aliotaka kuvuka, anapima, kisha anageuka kutafuta kivuko kingine.

Njiani Febronia akauliza nataka kumwuliza Padri nini. Si alikwisha kuniambia siku ya sikukuu?

Sikujua kwamba alisikia.


Jumapili, 2 Septemba

Nimesoma sala, sikutoa mafundisho. Nimesema koo linakwaruza.

Mchana nilichukua mundu, nikatembea mpaka mpakani mwa shamba la Leonidas. Nilisimama pale. Kisha nikaingia. Hakukuwa na mtu nyumbani. Nikakaa kwenye kigoda kidogo nje ya mlango. Kisha nikarudi. Ndiyo yote.


Jumatatu, 3 Septemba

Asubuhi. Domisiana amekuja kwetu. Si kwangu, kwa Febronia. Niliwasikia jikoni, sauti za chini, kuni zinavunjwa. Sikusikia vilio. Nilisikia hata kicheko kimoja, kifupi. Mke wangu ndiye aliyecheka.

Kisha Febronia akaingia chumbani na kuchukua fimbo yangu nyuma ya mlango. Kwetu, kaka mkubwa akiwa mgonjwa wa kulala, mke wake hushika fimbo yake, hukaa penye nafasi yake mbele ya mtungi, na kusema neno lake. Likisemwa hivyo lina nguvu ileile. Nimeliona likifanyika mara moja tu, zamani, nilipokuwa karani wa boma Biharamulo na kuja nyumbani kwa likizo.

Akasema:

— Baba Restituta, unaumwa. Lala.

— Siumwi.

— Kama huumwi, simama twende ukaseme. Kama unaumwa, lala. Nikifika watu wataniuliza, na mimi sisemi uongo. Nitawaambia nimemwacha amelala.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia jambo hili lina—

— Najua linalo, akasema. Akangoja kidogo. Alikuwa mpole, hata akaninyooshea ukosi wa shati. Akasema: Mimi sikuulizi una nini moyoni. Ningetaka kuuliza ningeuliza siku ya yale majani mabichi. Nakuuliza: unakwenda, au unalala?

Nikatazama viatu vyangu. Akatoka na fimbo. Mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba watatembea polepole.

Wanatembea polepole kweli. Ninawaona dirishani. Domisiana mbele, Febronia nyuma yake, fimbo yangu ameilaza begani kama jembe. Wameupita mti wa mpaka. Wanashuka.

Ninaweza kuwafikia. Mbio si lazima. Nikiwafikia nitasema la tatu kwa kinywa changu mwenyewe, au nitasimama tena mbele ya mtungi na kuanza kuwashukuru waliokuja. Ninajijua. Na nikilala, neno litasemwa, Domisiana atakuwa huru kabla ya jua kuwa kali, na nitakuwa sijalisema mimi. Lipi ni la roho? Kwenda kunafanana na ushujaa. Kulala kunafanana na uvivu. Lakini ninavyotazama vizuri, anayenisukuma niende ni nani? Ni yule mgeni mwenye adabu wa pembeni, kasimama leo kwa mara ya kwanza, ananiambia haraka, haraka, kabla hawajafika.

Au ni Mungu. Wote wawili wanatumia sauti yangu.

Wamefika bondeni. Febronia amegeuka mara moja kutazama nyumba. Wamesimama, sijui kama wanapumzika au wananingoja.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nimevua kiatu kimoja.