Kitanda Kisicho na Uvungu

Moshi, Jumapili, Julai 1979

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Ukungu umeshuka mpaka mjini, mlima haujaonekana tangu Jumatano, na mimi nina hasira. Naandika kwa sababu nikiendelea kusema kwa mdomo, jirani atabisha hodi kuuliza kama kuna msiba.

Kitanda changu kimewekwa miguu.

Najua mtu akisoma hapo atacheka. Na acheke.

Jumatano nilikwenda Kwa Sadala, kwetu Machame, kumwangalia mama yangu mzazi, maana kifua humsumbua kila baridi inapoanza. Nilikwenda na Neema, mwanangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. Jana mchana narudi, nafungua mlango wa chumbani, nakuta kitanda kimesimama! Nilikiacha kimo cha shubiri moja na nusu kutoka sakafuni, sasa kinanifika kiunoni. Kila kona imepigiliwa tendegu la kizamani, jeusi, lililokerezwa, lenye pete mbili katikati. Tena kwa misumari ya inchi nne. Fundi aliyekitengeneza alikiunga chote kwa kuchomeka ubao ndani ya ubao, bila hata msumari mmoja. Madukani msumari haupatikani hata kwa dawa, lakini wa kuharibia kitanda changu umepatikana. Kona moja imepasuka, na ufa wenyewe unaingia kucha.

Mume wangu, Aloyce, alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Akasema, "Mama alikuja Alhamisi na fundi wa kule kwao." Basi. Kama mtu anayesoma tangazo.

Mama ni mama yake, mama mkwe wangu, anakaa Kilema.

Ngoja nieleze nilivyokipata kitanda hiki, ili nikija kusoma siku nyingine nisijione mwehu. Mwalimu mwenzetu mmoja, dada wa kujitolea kutoka Denmark, aliporudi kwao aliniachia majarida yake. Katika moja mlikuwa na picha ya chumba cha kulala, na ndani yake kitanda kipana, kifupi, kisicho na matendegu. Kimekaa juu ya kitako kilichoingizwa ndani, hata unadhani hakijagusa sakafu. Ubao wa kichwani umenyooka tu, hauna maua ya kuchonga wala fomaika. Niliitazama picha ile mpaka ukurasa ukalegea. Sijawahi kutamani nguo wala viatu namna ile.

Halafu Neema akaanguka kutoka kitanda chetu cha zamani. Akaanguka tena. Mara ya pili alishonwa kwenye paji la uso, na alama anayo. Nikasema imetosha. Nikachukua rula na karatasi nikakichora kitanda cha kwenye picha, kila upande na vipimo vyake, nikampelekea fundi Balbir, Singasinga mmoja mzee mwenye karakana nyuma ya soko.

Alicheka alipoona jinsi nilivyozibananisha chaga, zile mbao za kubebea godoro. "Mwalimu, hiki kitanda cha chaga ama cha Wachaga?" Nikamwambia vyote viwili. Nilimsubiri miezi minane. Kwanza hakukuwa na mvule, kisha gundi ikaadimika, kisha vanishi. Kila Jumamosi nilipita pale kumsalimia, na mwisho akawa ananiona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Siku kilipokuja nyumbani niliketi ukingoni mwake na miguu yangu ikakanyaga sakafu vizuri, na Neema akapanda mwenyewe na kushuka mwenyewe. Nililia kidogo. Sijamwambia mtu.

Mwezi uliopita Mama alishuka kutoka Kilema na mkungu wa ndizi kichwani, kama kawaida yake. Kama kawaida akaingia nao chumbani ausukume uvunguni, ndizi ziivie huko. Akainama. Akazunguka upande wa pili akainama tena. Hapakuwa na uvungu. Akasimama na ule mkungu mikononi, ananitazama, anakitazama kitanda, kisha akatoka akaongea na mwanawe nje. Kwangu hakusema kitu, na mimi nikaumia. Nilijiambia, huyu ameniona mimi mwanamke wa Machame nimekuja kumlaza mwanawe chini. Jana nilipoyaona yale matendegu nikasema ndiyo haya sasa, jibu lake limefika.

Jana nililala juu huko, Neema nimemweka upande wa ukutani, naogopa kugeuka.

Leo asubuhi nikamwambia Aloyce nakwenda Kilema. Akasema, "Yaache, yameshapita." Yameshapita wapi? Nikambeba Neema mgongoni nikapanda gari la asubuhi, na njia nzima napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Nilikusudia kumwambia kwa heshima zote kwamba chumba cha watu wawili si bwalo, na kwamba mtu hagusi kitanda cha mwenziwe bila kumwuliza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu! Jamani, na baridi hii?" Alinipokea mtoto kabla sijaketi, uso wote unacheka. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa, "Sasa umelala vizuri?"



Kabla sijajibu akagundua Neema amelowa, akanituma chumbani kwake nikalete kanga. Nikaingia. Kitanda chake nakijua, ndicho cha kwanza kuingia katika nyumba ile. Baba mkwe, marehemu, alimnunulia mwaka kahawa yao ilipofanya vizuri, na Mama alikuwa akikipaka mafuta kila Krismasi. Kitanda kile kilikuwa chini. Fremu imelazwa juu ya mawe manne, na godoro juu yake. Kwenye kila kona palikuwa na tundu la mraba, tupu, lililokuwa likishika tendegu.

Pete mbili katikati. Nilikuwa nimeyaona matendegu yale mara mia, na jana sikuyatambua, kwa sababu nilikuwa nayatazama kwa hasira.

Nilikaa mle ndani mpaka akaniita.

Nikatoka na kanga, nikamwuliza kitanda chake kimekuwaje. Akapunga mkono, akanitengea mtori wa ndizi. "Aloyce aliniambia fundi aliishiwa mbao. Nikasema, mwalimu mzima, watu wakija kumtazama mtoto wamkute analala chini? Mimi nimekulia chini pamoja na mbuzi. Hainisumbui."

Fundi aliishiwa mbao!

Kwa mwaka huu nani asingeamini? Sukari imekwisha, sabuni imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha. Mtu akikwambia mbao za kitanda zimeishia njiani, unasema pole. Mama alisema pole, akarudi kwake, akamwita fundi wa jirani, akang'oa miguu ya kitanda chake, akaifunga kwa kanga, akaja nayo kwenye basi. Mwanamke wa umri ule. Mimi nilikuwa nimepanda mlima kwenda kumfundisha heshima.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilikuwa na mtori mkononi na mdomo ulikuwa wazi. Akauliza tena, "Umelala vizuri?" Nikasema, "Nimelala vizuri sana, Mama. Asante." Alifurahi hata akapiga makofi. Kwa hiyo na mimi nimemdanganya, na hilo naliandika hapa kwa mkono wangu.

Nilirudi saa tisa, na mkungu mwingine alionibebesha. Aloyce alikuwa anasikiliza redio. Nikaizima. Nikamwuliza kwa nini alimwambia mama yake mbao ziliisha. Akasema aliona aibu. Aibu ya nini? Eti Mama angecheka kwamba tumesubiri miezi minane na mvule wote ule ili tulale chini kama watu wasio na kitu. Ikawa rahisi kusema mbao. Alisema tu, ikapita, akasahau. Karani mzima wa ghala la kahawa, anakumbuka kila gunia na mwenye gunia, hili akalisahau.

Mpaka hapo ningeweza kumsamehe. Nami nilidanganya kwa ajili ya bakuli la mtori.

Ila nikamwuliza, "Matendegu yalipofika Alhamisi, uliyajua ni ya wapi?"

Akatazama redio.

Aliyajua. Amezaliwa pembeni mwa kitanda kile. Alijifunza kusimama kwa kuyashika yale matendegu, Mama mwenyewe ameshanisimulia. Alhamisi aliyaona yakifunguliwa kutoka kwenye kanga, akamshikia fundi tochi, akampa mama yake chai, akamsindikiza stendi akalale juu ya mawe. Kisha akapanda akalala. Alhamisi akalala. Ijumaa akalala. Jana alikoroma pembeni yangu, na mimi namlaani mama wa watu.

Hasira niliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa ya mchezo tu. Hii ya sasa ndiyo yenyewe.

Mimi niliyetaka kitanda kifupi nimepandishwa juu. Mama, aliyekipenda kitanda chake kirefu miaka yote, sasa ndiye anacho kile cha kwenye picha, tena bila kukiomba. Matendegu hayawezi kurudi kimyakimya, maana atauliza kwa nini, na jibu ni kwamba watoto wake wawili wamemdanganya, mmoja kwa aibu na mwingine kwa uoga. Atacheka? Atalia? Sijui. Najua tu kwamba hawezi kulala juu ya mawe Julai hii kwa sababu ya neno moja la Aloyce.

Ule mkungu nimeusukuma uvunguni. Uvungu si upo sasa? Nimempa Aloyce mpaka ndizi zianze kuwa njano. Ang'oe misumari yeye mwenyewe, taratibu, asinipasulie mbao zaidi, abebe matendegu mpaka Kilema, ayarudishe kwenye matundu yake na aseme kwa mdomo wake. Nitakuwa nimesimama pale pale, na akimaliza yake nitasema yangu.

Ameuliza leo tunalalaje.

Godoro nimeshalishusha sakafuni, la mimi na Neema. Yeye ana chaga zake, na ana miguu ya kitanda cha mama yake. Alale.